SHERIA KWANZA, KIKOMBE BAADAYE: HABARI ZA MPIRA WA MIGUU NA MASHINDANO YA MATAIFA

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Michezo mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mwingi



Tumeagizwa na Kamati Kuu tuwaeleze wanachama asili ya mpira wa miguu na jinsi mataifa yalivyoanza kushindana kwa mchezo huo. Huenda wengine wakauliza, chama cha ustawi kina haja gani na historia ya mpira, ilhali kuna karo za watoto, maji ya mifugo, na mazishi ya wenzetu wanaofariki mbali na kwao? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba leo mkutano huu unangojewa kukata shauri juu ya mambo matatu yaliyoletwa na wanachama. La kwanza, kwamba fedha za michezo zinunue kikombe kikubwa cha fedha. La pili, kwamba timu ziundwe kwa mbai, kila ukoo na timu yake. La tatu, kwamba wasichana wapewe siku zao katika kiwanja. Fedha tulizo nazo ni chache na kiwanja ni kimoja; tukikosea, hatutapata vingine upesi. Basi tumeona ni vema, kabla ya kupiga kura, tutazame waliotutangulia walifanya nini, na mambo yao yakaishia wapi.

Michezo ya kupiga mpira kwa mguu ni ya zamani sana, nayo ilikuwako katika nchi nyingi. Lakini mchezo tunaoucheza leo una tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 26 Oktoba 1863, wajumbe wa klabu chache za London na viunga vyake walikutana katika nyumba ya wageni iitwayo Freemasons' Tavern. Kilichowakutanisha kilikuwa ni kero. Kila shule na kila klabu ya Uingereza ilikuwa na sheria zake yenyewe. Wengine waliruhusu kushika mpira kwa mikono na kukimbia nao; wengine walikataza. Wengine waliona ni halali kumpiga mwenzako teke la muundi. Wengine waliona huo ni ushenzi. Klabu mbili zilipokutana, nusu ya mchana ilipotea kwa kubishana, na mara nyingine walicheza nusu ya kwanza kwa sheria za hawa na nusu ya pili kwa sheria za wale.

Wajumbe hao walikutana mara sita, na kufikia Desemba ya mwaka huo walikuwa wameandika sheria 13. Klabu ya Blackheath ilikataa kuacha mateke ya muundi, ikajitoa. Na mwaka 1871 ilikuwa miongoni mwa klabu zilizoanzisha chama cha mchezo wa raga. Hivyo mchezo mmoja ukawa miwili, kila mmoja ukashika njia yake. Na tuangalie sheria hizo 13 zilivyokuwa nyepesi. Zilitaka miti miwili ya goli iliyoachana kwa yadi 8, pasiwe na mti wala kamba ya juu. Hazikutaja idadi ya wachezaji. Hazikumtaja mwamuzi hata kidogo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba waungwana hawahitaji kuamuliwa. Dhana hiyo haikudumu. Baadaye kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na mtu wa tatu akawekwa kando ya kiwanja ili aulizwe wawili hao wakishindwa kupatana. Hata mwaka 1891 wakachoka na mpango huo. Mtu wa tatu akaingizwa ndani ya kiwanja, akapewa mamlaka yote, na wale wengine wawili wakawa washika vibendera. Mwaka huohuo ndipo penalti ilipoanzishwa.

Tumelitaja jambo hili kwa makusudi. Watu wengi hudhani mwamuzi aliumbwa pamoja na mpira. La. Ilichukua miaka 28 tangu sheria zilipoandikwa hadi watu kukubali kwamba mtu mmoja, asiye wa upande wowote, ndiye mwenye neno la mwisho. Wazee wetu wa nzama hawatalistaajabia jambo hili. Wao walijua tangu kale kwamba mwenye kesi hakai kitako kuihukumu kesi yake.

Sheria zilipokwisha kupatikana, kikombe kilifuata. Chama cha Mpira cha Uingereza kilianzisha shindano la kikombe katika msimu wa 1871 na 1872, na timu iitwayo Wanderers ikawa ya kwanza kukitwaa, ilipowashinda askari wahandisi wa Royal Engineers kwa goli 1 kwa 0. Mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba 1872, mataifa mawili yalikutana kwa mara ya kwanza katika mchezo unaohesabiwa rasmi: Scotland na Uingereza, katika kiwanja cha kriketi huko Partick, karibu na Glasgow. Watazamaji walikuwa kama 4,000. Wachezaji wote wa Scotland walitoka katika klabu moja, Queen's Park. Mchezo uliisha bila goli upande wowote, 0 kwa 0. Hata hivyo watu walirudi kwao wakiwa na furaha, na mataifa hayo mawili yakaendelea kukutana mwaka baada ya mwaka. Ndiyo kusema mashindano ya mataifa yalianza kwa mchezo ambao hakuna aliyeshinda, wala hakuna aliyeona haya kwa sababu hiyo.

Kutoka hapo mpira ulisafiri kwa meli na kwa reli. Mabaharia, wahandisi, makarani wa kampuni za biashara, walimu wa misheni na askari waliuchukua kila walikokwenda. Tarehe 21 Mei 1904, mataifa 7 ya Ulaya yaliunda FIFA huko Paris: Ufaransa, Ubelgiji, Denmark, Uholanzi, Hispania, Sweden na Uswisi. Uingereza, iliyojiona kuwa ndiyo mama wa mchezo, haikuwamo siku hiyo. Iliingia mwaka uliofuata. Kisha mwaka 1930 Kombe la Dunia la kwanza likachezwa huko Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini. Timu 13 zilishiriki, na kutoka Ulaya zilikwenda 4 tu, kwa kuwa safari ya baharini ilikuwa ndefu na waajiri hawakupenda kuwapa wachezaji ruhusa ya muda mrefu namna hiyo.

Katika fainali ya mwaka 1930 lilitokea jambo ambalo vijana wetu watalielewa mara moja. Uruguay na Argentina hawakupatana juu ya mpira upi utumike, maana kila upande ulitaka wake. Mwamuzi, Mbelgiji John Langenus, aliamua kwamba nusu ya kwanza ichezwe kwa mpira wa Argentina na nusu ya pili kwa mpira wa Uruguay. Mapumziko yalifika Argentina ikiongoza kwa 2 kwa 1. Nusu ya pili, kwa mpira wao wenyewe, Uruguay walifunga magoli matatu, wakatwaa Kombe kwa 4 kwa 2. Hatusemi mpira ndio ulioamua. Twasema tu kwamba miaka 67 baada ya ule mkutano wa London, mabingwa wa dunia bado walikuwa wakibishana juu ya jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Na sisi hapa, mara ngapi mchezo wa timu mbili za jirani umechelewa kuanza kwa sababu huyu ameleta mpira mdogo na yule ameleta uliotoboka?

Sasa tuje Afrika ya Mashariki. Unguja ilikuwa miongoni mwa milango ya kwanza. Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani waliucheza mchezo huu, na wafanyakazi wa kampuni ya simu ya baharini nao waliucheza. Bara, mpira ulipita katika shule za misheni, katika kambi za askari wa King's African Rifles, na katika makazi ya wafanyakazi wa reli. Watawala wa wakati huo waliupenda kwa sababu zao: waliona kwamba kijana anayekimbilia mpira jioni hatapata nafasi ya kukaa akizungumza habari za kodi na za ardhi. Walimu nao waliupenda kwa sababu nyingine. Edward Carey Francis, aliyefundisha Maseno tangu 1928 na kisha Alliance kuanzia 1940, aliuhesabu mpira kuwa sehemu ya masomo ya tabia.

Sisi Wakamba tulikuwamo katika safari hiyo. Vijana wengi wa Ukambani walichukuliwa kuwa wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na jina la mtaa wa Kariokor mjini Nairobi linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wengine wengi waliingia jeshini, na katika Vita Kuu ya Pili walifika Ethiopia na hata Burma. Katika kambi za jeshi mpira ulikuwa ni mazoezi na burudani pia. Askari aliporudi likizo hakurudi na mshahara peke yake. Alirudi pia na mchezo. Hata pasipokuwa na mpira wa ngozi, watoto walifunga matambara kwa kamba wakapata mpira wao, nao waliucheza peku juu ya mchanga wa mto uliokauka, ambako miiba ya migunga ni michache.

Mwaka 1926 ulianzishwa mchezo wa kimataifa wa kwanza wenye kikombe katika Afrika ya Mashariki. Kiwanda cha sabuni cha William Gossage na Wanawe, cha Widnes huko Uingereza, kilitoa kikombe ili Kenya na Uganda zikishindanie. Zilipokutana Nairobi mara ya kwanza zilitoka sare, 2 kwa 2. Zikarudiana, na Kenya ikashinda kwa 2 kwa 1. Kwa karibu miaka 20 Kenya na Uganda zilishindana peke yao. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata miaka michache baadaye. Wageni hawakukaa muda mrefu katika kiti cha mgeni: mwaka 1949 Tanganyika ilikwisha kulitwaa Kombe la Gossage.

Wazee walioiona michezo hiyo husimulia majina ya wachezaji kama vile wengine wanavyosimulia majina ya machifu. Kenya ilimpata Elijah Lidonde katika miaka ya 1950, na baada yake Joe Kadenge, ambaye Leonard Mambo Mbotela alimtangaza redioni hata maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa nchi nzima. Mtu aliyekuwa mbali na kiwanja, akichunga ng'ombe au akingoja maji kisimani, aliweza kuusikia mchezo kana kwamba anauona.

Na tukumbuke kwamba wengi wa wachezaji wa Afrika wa siku hizo hawakuvaa viatu. Timu ya Nigeria ilipozuru Uingereza mwaka 1949, wengi wao walicheza peku, wakawashinda Marine Crosby kwa 5 kwa 2 katika mchezo wao wa kwanza. Timu ya Gold Coast ilikwenda mwaka 1951, na Uganda mwaka 1956, nao wakawashangaza watazamaji kwa namna hiyohiyo. Hatusemi haya ili kuwanyima vijana wetu njumu. Dunia imebadilika, na kiwanja cha mawe hakimhurumii mtu. Twasema haya ili ijulikane kwamba ustadi haukungoja vifaa vikamilike.

Tutazame sasa kikombe chenyewe. Jina la Gossage lilidumu miaka 40. Mwaka 1967 shindano liligeuzwa kuwa Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati, na tangu 1973 likasimamiwa na shirikisho la CECAFA. Kiwanda kilichotoa kikombe cha kwanza, ni wangapi wanaokikumbuka leo? Sabuni yake haiuzwi katika soko letu. Lakini ratiba, desturi ya kukutana, waamuzi, na uadui mwema wa majirani vilibaki. Na mambo yamekuwa ya ajabu zaidi: Kenya, Uganda na Tanzania, zilizokuwa zikipigania kikombe kile, mwezi Agosti 2025 ziliandaa kwa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na fainali ikachezwa Kasarani, Morocco ikiishinda Madagascar kwa 3 kwa 2. Tena mwaka 2023 nchi hizo tatu zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tunajifunza hapa kwamba kikombe ni ishara tu. Kinachodumu ni mapatano yaliyo nyuma yake.

Sasa tunafikia jambo la pili, la timu za mbai, nalo lataka uangalifu kwa kuwa linagusa damu. Wanaolitetea hawakosi hoja. Wanasema kwamba vyama vya ustawi kama hiki chetu ndivyo vilivyoukuza mpira wa Kenya. Na kweli ni hivyo. Mtu aliyetoka kijijini kwenda Nairobi au Mombasa alikutana na wenzake katika chama cha watu wa kwao. Chama kilimzika aliyekufa, kilimsaidia asiye na kazi, na Jumapili kilikuwa na timu. Klabu ya Luo Union ilitokana na umoja wa namna hiyo. Abaluhya United iliundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu nyingi ndogondogo za Waluhya, ambazo kila moja ilikuwa ya watu wa sehemu yake. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana, ikapatikana Gor Mahia, ambayo mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, ikiwa klabu ya kwanza ya Afrika ya Mashariki kutwaa kombe la bara zima.

Lakini tusome habari hiyo mpaka mwisho wake. Kwanza, nguvu zilipatikana kwa kuungana. Timu za sehemu moja moja zilipokuwa mbalimbali hazikuweza kulifikia taifa. Zilipoacha majina madogo na kushika moja kubwa, ndipo zilipoanza kushinda. Pili, mwaka 1980 Serikali ilitaka vyama vya kikabila vivunjwe, na klabu zilizobeba majina ya makabila zikalazimika kuyabadili. Ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards. New Akamba Union, umoja wa watu wetu, nao ulimalizika katika wakati huo. Na tatu, si siri kwamba pale jina la kabila lilipokuwa juu ya fulana, goli lililokataliwa liligeuka kuwa tusi kwa ukoo, na mwamuzi akatafutiwa asili ya baba yake kabla ya kutazamwa kosa alilolipigia filimbi.

Basi tujiulize: sisi ambao tumekwisha kuunganishwa na chama kimoja, je, turudi nyuma tukagawane kwa mbai? Kamati yetu yaona hapana. Mbai ina kazi zake za heshima, katika ndoa, katika urithi na katika mazishi, na mpira hauwezi kuziongezea heshima hizo. Unaweza tu kuzipunguza. Twapendekeza timu zifuate utui, soko na shule, mahali ambapo watoto wa koo zote huishi na kuchota maji pamoja.

Bara letu lenyewe liliwahi kupimwa kwa kipimo hiki. Shirikisho la Mpira la Afrika liliundwa mwaka 1957 huko Khartoum na Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika ya Kusini. Afrika ya Kusini ilikuwa na siasa ya ubaguzi wa rangi, ikakataa kuleta timu moja iliyochanganya watu wa rangi zote. Wenzake watatu hawakuona aibu kubaki watatu. Waliicheza michuano ya kwanza bila ya Afrika ya Kusini, na Misri ikaishinda Ethiopia kwa 4 kwa 0 katika fainali. Kisha kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1966, FIFA iliamua kwamba mshindi wa Afrika hatakuwa na nafasi yake, bali atashindana tena na mshindi wa Asia ili ipatikane nafasi moja. Nchi za Afrika zilikataa, zikajitoa zote. Wakati ule wengi walisema zimejinyima wenyewe. Lakini mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake kamili, Morocco ikaenda. Mwaka 2022 Morocco hiyohiyo ikafika nusu fainali. Na kwa Kombe la Dunia la 2026 Afrika ilitengewa nafasi 9. Kwa hiyo hasara ya mwaka mmoja ilizaa haki ya miaka mingi.

Jambo la tatu ni la wasichana. Tumesikia wakisema kwamba mpira wa wanawake ni mtindo mpya ulioletwa na televisheni, na kwamba kiwanja hakitoshi. Juu ya upya wake, tuseme ukweli kama ulivyo. Tarehe 26 Desemba 1920, timu ya wanawake wafanyakazi wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies, ilicheza Liverpool katika kiwanja cha Goodison Park mbele ya watazamaji kama 53,000, na fedha za milangoni zikatolewa kwa hisani. Haukupita mwaka mmoja. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Mpira cha Uingereza kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Kombe la Dunia la wanawake chini ya FIFA lilikuja kuchezwa mwaka 1991, huko China, miaka 61 baada ya lile la wanaume. Na timu yetu ya taifa, Harambee Starlets, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi katazo lile lilivyotekelezwa. Hakuna sheria ya nchi iliyotungwa. Hakuna mwanamke aliyetiwa kifungoni. Walinyimwa kiwanja tu, na hilo lilitosha kuuzima mchezo kwa vizazi viwili. Mkutano wetu wa leo hauna uwezo mkubwa, lakini uwezo huo mdogo tunao: ufunguo wa kiwanja uko mikononi mwetu. Binti wa Mwingi anayebeba mtungi wa maji asubuhi na kitabu mchana hapungukiwi na nguvu za miguu. Anachopungukiwa ni saa mbili jioni na mahali pa kukimbilia. Wazazi wanaohofu usalama wa binti zao tunawaelewa. Ndiyo maana twapendekeza siku za wasichana zisimamiwe na akina mama wa chama chenyewe, nao wawe na viti viwili katika Kamati ya Michezo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, limebaki la kikombe, ambalo lilikuwa la kwanza katika orodha, nasi tumeliweka mwisho. Hatukichukii kikombe. Twajua kijana atakimbia zaidi akikiona kinang'aa mezani, na msemo ni ule ule kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini tumeona kwamba London walianza na sheria mwaka 1863, na kikombe kikaja miaka 8 baadaye. Na hata baada ya kikombe, waliendelea kutafuta mwamuzi wa kuaminiwa hadi 1891. Kikombe kinacholetwa mahali pasipo sheria huleta ugomvi wa kukigombania, maana sasa kuna kitu cha kuibiana.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya. Fedha za mwaka huu zinunue mipira yenye kipimo cha sheria, nyavu, sanduku la dawa za huduma ya kwanza, na zilipe gharama za kuwafunza waamuzi 6, watatu wa kiume na watatu wa kike. Sheria za shindano letu ziandikwe kwa lugha inayosomeka, zipigwe chapa na kubandikwa sokoni na shuleni, kabla ya mchezo wa kwanza. Humo iandikwe nani huleta mpira, nani husikiliza malalamiko, na kwamba timu inayomgusa mwamuzi haitacheza tena msimu huo. Mipaka ya kiwanja ipimwe na hati yake ishughulikiwe mapema, kwa sababu mji wetu unakua kando ya barabara kuu ya Garissa, na kiwanja kisichokuwa na karatasi huamka asubuhi kikiwa kina msingi wa duka. Kazi ya kuondoa mawe, kung'oa visiki na kusawazisha ardhi haitugharimu fedha tukiifanya kwa mwethya, kama tunavyochimba mitaro na mabwawa, na yafaa imalizike kabla ya mvua za Novemba. Kikombe kinunuliwe katika mwaka wa pili, ikiwa msimu wa kwanza utakwisha bila mchezo kuvunjika. Wasiokubali kungoja tunawakumbusha kwamba Scotland na Uingereza walicheza siku ile ya 1872 bila kikombe chochote, na hata leo mchezo wao unasimuliwa.

Wanachama watakapopiga kura, wakumbuke kwamba hawaamui burudani ya Jumamosi peke yake. Vijana wetu watajifunza katika kiwanja hicho namna ya kutii uamuzi wasioupenda, namna ya kushirikiana na mtoto wa ukoo mwingine, na namna ya kushindwa bila kuokota jiwe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wala hatakuwa mwenyekiti mwema, wala mjumbe mwema, wala raia mwema wakati wa uchaguzi. Hayo yote hufunzwa mapema, nayo ni rahisi kufunzwa kwa filimbi kuliko kwa rungu.

Mapendekezo yako mbele yenu, na kura ni zenu.